Maumivu ya nyayo na magoti pamoja na kisukari: mnaishije nayo?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Wapendwa, nina umri wa miaka 61, na tangu mwaka 2012 ninaishi na kisukari cha aina ya pili. Kwa miaka mingi sukari yenyewe haikunisumbua sana: nilimeza metformini asubuhi na jioni, nikapunguza ugali, nikaacha soda, na kila nilipotoka kliniki nilirudi nyumbani nikiwa na amani. Kilichonileta hapa ni maumivu, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya magoti, hasa la kulia, ambayo daktari alinieleza kuwa ni kusagika kunakotokana na umri na miaka 34 ya kusimama mbele ya ubao. Hayo huanza ninapoinuka kitini na huzidi ninapopanda ngazi. Ya pili ni ya nyayo, na hayo ndiyo yanayonitesa zaidi. Mchana huwa ni ganzi tu, kana kwamba nimevaa soksi ilhali niko peku, lakini ikifika saa nne au saa tano usiku nyayo huanza kuwaka moto, mara nahisi kuchomwachomwa na miiba, na hata shuka likigusa vidole inanibidi nilisukume pembeni. Usiku mwingi usingizi hunijia saa tisa, nami huamka alfajiri nikiwa nimechoka kuliko nilivyokuwa nikipanda kitandani.

Shida yangu kubwa ni kwamba kila ninaloshauriwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja linagongana na mwingine. Kliniki huniambia nitembee nusu saa kila siku, nami nikitembea siku mbili mfululizo goti huvimba, siku ya tatu sitoki ndani. Nikipumzika wiki nzima, sukari ya asubuhi iliyokuwa 7 hupanda hadi 11 au 12. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikinunua diklofenaki katika duka la dawa la jirani, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, pamoja na dawa zangu za presha ambazo ni losartani na ile ya kupunguza maji mwilini. Diklofenaki hunisaidia goti, lakini kwa nyayo haifanyi kitu. Kipimo changu cha mwisho cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu, kilikuwa asilimia 9.2.

Nakiri kwamba maumivu ya nyayo sijayaeleza kliniki hata mara moja. Foleni ni ndefu, daktari hutazama namba ya sukari na ya presha, huandika dawa, nami huona haya kumchelewesha kwa jambo nililodhani ni la uzee. Ninaomba wanaoishi na hali kama hii wanieleze wanatembeaje, wanalalaje, na wanamwambiaje daktari.

Mama wa Tanga

Shikamoo Mwalimu. Ulichoandika kuhusu shuka nimekisoma mara mbili, kwa maana nilidhani ni mimi peke yangu ninayelala miguu ikiwa nje ya shuka hata wakati wa baridi. Nina kisukari kwa mwaka wa 14 sasa, na minne kati ya hiyo niliipitisha nikinyamaza kama wewe, kwa sababu ile ile ya foleni na haya.

Nyayo zangu zilipimwa kwa mara ya kwanza siku nilipomkuta daktari kijana aliyeniambia nivue viatu. Alichukua kijiuzi kigumu cha plastiki, akaniambia nifumbe macho, akawa anakigusisha kwenye nyayo na kunitaka niseme "ndiyo" kila ninapohisi. Katika sehemu kumi alizogusa nilihisi nne tu. Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika vidoleni, na kwamba mshipa ulioharibika hutuma habari za moto mahali pasipo na moto. Nililia pale pale, Mwalimu. Miaka minne nilikuwa nikijiuliza kama ninajitungia.

Aliniandikia amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25, nimeze saa mbili kabla ya kulala. Nilipofika nyumbani wifi yangu alisoma karatasi ya ndani ya boksi, akakuta imeandikwa kuwa ni dawa ya sonona. Nikaona kwamba kumbe daktari ameniona nina matatizo ya akili, nikaiweka kabatini, na miezi miwili ikapita nikiungua usiku wakati dawa ipo mita mbili kutoka kitandani. Niliporudi na kumwambia, hakunikaripia. Alinieleza kwamba dawa ile ile kwa kiwango kidogo hutuliza mishipa ya fahamu, na kwamba hata gabapentini, ambayo wengine hupewa kwa maumivu haya, karatasi yake itasema ni ya kifafa. Ninaliandika hili kwa urefu kwa sababu ninafahamu wanawake watatu mtaani kwetu waliozitupa dawa zao kwa kusoma karatasi hiyo.

Haikuniponya. Kama maumivu ya awali yalikuwa nane kwa kumi, sasa ni matatu au manne, na nafuu yenyewe ilianza baada ya wiki ya tatu. Ninalala tangu saa nne hadi alfajiri, na jambo hilo peke yake limebadilisha nyumba yangu. Lakini uwe macho kwa kitu kimoja: dawa hii hukausha kinywa, na kiu yake inafanana kabisa na kiu ya sukari iliyopanda. Mwanzoni kila nilipokaukwa nilidhani sukari imepanda, nikapunguza chakula hadi nikawa natetemeka kwa sukari kushuka. Sasa hupima kwanza.

Kuhusu kutembea, hiyo nusu saa niliigawa. Ninatembea dakika kumi baada ya kifungua kinywa, kumi baada ya chakula cha mchana na kumi baada ya cha jioni, uani au hadi kwa jirani na kurudi, na nimeona sukari ya baada ya kula inatulia kuliko nilipokuwa nikijilazimisha mara moja. Siku goti linapokataa, ninaketi kwenye kiti na kunyoosha mguu mmoja mmoja, nikiushikilia hewani huku nikihesabu hadi kumi. Pia sindano za vitamini B zilinipa nguvu. Jaribu kununua hata vidonge vyake.

Mfamasia, Dodoma

Mwalimu, naomba nianze na diklofenaki, kwa sababu miezi minne ni mingi na hatari yake haionekani kwa macho. Figo za mtu mwenye kisukari na presha tayari zinabeba mzigo. Losartani hubadilisha msukumo wa damu ndani ya figo, dawa ya kupunguza maji hupunguza kiasi cha damu kinachofika huko, na diklofenaki hubana njia ambayo figo hutumia kujikinga katika hali hiyo. Kila moja kati ya dawa hizo tatu ina kazi yake. Zikikutana kwa muda mrefu katika mwili mmoja, zinaweza kuziangusha figo ambazo jana zilikuwa nzima, na mgonjwa asihisi lolote mpaka uvimbe au kichefuchefu kimfikie. Mbali na hayo, diklofenaki hupandisha presha na huchimba vidonda vya tumbo. Usisubiri tarehe ya kliniki: nenda wiki hii ukapimwe kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huchuja, pamoja na protini kwenye mkojo, ueleze kwamba umekuwa ukimeza dawa hiyo, na kuanzia leo usinunue nyingine. Losartani usiiache mwenyewe, kwani daktari ndiye atakayeamua. Inaniuma kwamba muuzaji alikupa dawa kwa miezi minne bila kukuuliza una magonjwa gani mengine, kwa sababu swali hilo moja lingetosha.

Kwa goti, parasetamoli ndiyo ya kuanzia ukiwa na ini zima, na kwa siku nzima usivuke gramu 4, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Ipo pia jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge. Muulize daktari baada ya majibu ya figo. Akikushauri sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, gotini, usiikatae kwa woga wala usiikubali kwa ukimya: mkumbushe kuwa una kisukari, kwa maana sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada yake na utahitaji kupima mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo ninawasihi nyote mjihadhari na unga na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa kwa sifa ya kumaliza maumivu ya viungo. Katika nchi mbalimbali bidhaa za namna hiyo zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Mtu hupata nafuu ya ajabu kwa wiki mbili, huku sukari yake ikipaa bila yeye kujua sababu.

Mama wa Tanga ameeleza vizuri sana kuhusu amitriptilini, nami nitaongeza machache. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya jicho, au mwanaume ambaye mkojo wake hutoka kwa shida kutokana na tezi dume, amweleze daktari kabla ya kuianza. Zipo nyingine, yaani duloksetini, pregabalini na gabapentini, na hizo mbili za mwisho hupunguzwa kipimo kama figo zimedhoofu, ambayo ni sababu nyingine ya kupima kreatinini kwanza. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 130 wenye maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, yatokanayo na kisukari, ukilinganisha kuanza na amitriptilini, duloksetini au pregabalini na kisha kuongeza ya pili pale ambapo ya kwanza haikutosha. Nafuu ilikaribiana kwa njia zote tatu, na waliohitaji dawa ya pili walinufaika nayo. Kwa hiyo ukipewa ile ya bei nafuu usidhani umepunjwa, na ya kwanza isipotosha usikate tamaa. Tramadoli isinunuliwe kwa rafiki wala kuchanganywa kiholela na dawa hizi, kwani mchanganyiko huo unaweza kuleta degedege, na yenyewe inaweza kushusha sukari ghafla.

Dada yangu wa Tanga, kwenye vitamini tu ndipo nitakapotofautiana nawe. Anayemeza metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi na kuungua kwa nyayo kunakofanana na kwa kisukari. Mwalimu ametumia metformini kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo ni haki yake kuomba B12 ipimwe au daktari aamue kumtibu. Lakini vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyonunuliwa kwa kubahatisha vina pia B6, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zile zile tunazojaribu kuziponya.

Mama wa Tanga

Ahsante kwa kunisahihisha. Nimeitazama chupa yangu, na kweli B6 imeandikwa kwa kiwango kikubwa. Nitaenda nayo kliniki.

Muuguzi mstaafu, kliniki ya kisukari

Ndugu yangu Mwalimu, nilihudumu kliniki ya kisukari kwa miaka mingi, na nikwambie bila kuficha kwamba wagonjwa walioona haya kusema walinipa kazi kubwa kuliko waliosema sana. Maumivu ni sehemu ya kisukari kama ilivyo namba kwenye mashine. Mwili unaoumwa hutoa homoni za mfadhaiko, na homoni hizo huliambia ini limwage sukari kwenye damu. Mtu asiyelala hushindwa kujizuia na chakula na hushindwa kutembea. Ndiyo maana sukari yako inapanda katika wiki ulizopumzika, na daktari anayeiona 12 bila kuambiwa kuhusu nyayo ataongeza dawa ya sukari peke yake.

Andika kabla hujaenda. Karatasi moja inatosha: mahali panapouma, saa inapoanza, ukali wake kwa kumi, kinachozidisha, ulichokwisha kumeza na kwa muda gani. Mkabidhi daktari mkononi kabla hajaanza kuandika, kisha uvue viatu hata kama hajakuambia. Nimewaona madaktari waliochoka wakibadilika kabisa mbele ya karatasi ya namna hiyo.

Utofautishe pia aina za maumivu, maana si yote ni ya neva. Kuungua usiku ukiwa umetulia ni kwa neva. Misuli ya shavu la mguu ikibana unapotembea mita mia kadhaa, ikaachia ukisimama na kubana tena ukiendelea, hiyo huenda ni mishipa ya damu iliyoziba, na inahitaji kipimo kingine. Wayo mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi sana, acha kuukanyagia na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mifupa ya mguu wenye ganzi inaweza kuwa inavunjika na kulegea bila taarifa, na kila hatua inauharibu zaidi.

HbA1c yako ya 9.2 inapaswa kushuka, ila ishuke kwa utaratibu. Zamani nilidhani kushuka haraka ndiyo sifa, hadi nilipowaona watu walioanza insulini kwa bidii kubwa, wakashuka zaidi ya asilimia mbili ndani ya miezi mitatu, kisha wakalipukiwa na maumivu makali ya neva kuliko waliyokuwa nayo. Hali hiyo inafahamika kitabibu na mara nyingi hutulia baada ya miezi kadhaa, lakini aliyeingia humo bila kuonywa huamini kwamba matibabu yanamuua na huyaacha. Kubaliana na daktari wako kasi ya kushusha.

Jambo linalonitia hofu katika barua yako ni ile ganzi ya mchana. Maumivu hukuamsha usiku, ganzi haikuamshi. Hapa Tanzania tuliwahi kufundishwa utunzaji wa miguu kwa mpango wa Step by Step, ambao uliandaa madaktari na wauguzi wa mikoani kwa sababu watu walikuwa wakipoteza miguu kwa vidonda vilivyoanzia kwenye msumari wa kiatu. Tangu hapo simwachi mtu bila kumwambia haya: kagua nyayo kila jioni, na kama goti halikuruhusu kuinama tumia kioo au umwombe mjukuu, kausha katikati ya vidole, kung'uta kiatu kabla ya kukivaa, usitembee peku hata chumbani, na kandambili za kukatia kidole zisiwe kiatu chako cha kutembelea.

Kijana wa Kisauni, Mombasa

Shikamoo mzee wangu, na shikamoo kwa wakubwa wote hapa. Mimi sina kisukari, ila baba yangu anacho, na nimeandika kwa sababu hakuna aliyetaja maji moto. Baba alikuwa na maumivu kama yako, na kila usiku mama alimwandalia beseni la maji moto yenye chumvi atumbukize miguu, kama tulivyozoea sote kwa mtu aliyechoka. Yalimpa raha. Usiku mmoja mama alikuwa safarini, baba akajitilia maji mwenyewe, akayajaribu kwa mguu, akaona ni ya uvuguvugu. Asubuhi ngozi ya vidole viwili ilikuwa imevimba malengelenge, naye hakuwa amehisi kitu. Kidonda kilichukua miezi saba, na kidole kimoja kilikatwa.

Siku hizi hata maji ya kutawadha huyajaribu kwa kiwiko au humwita mmoja wetu. Mbele ya jiko la mkaa hakai miguu ikiwa wazi, na akienda msikitini huvaa soksi nyeupe ambazo hajazivaa kwa ajili ya baridi, bali ili damu ikitoka ionekane.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Marahaba wanangu, na ninawashukuru nyote. Beseni la maji moto lilikuwapo chumbani kwangu niliposoma maneno ya kijana wa Kisauni, nimelitoa.

Diklofenaki niliiacha siku ile ile, na nilikwenda kupimwa bila kusubiri tarehe. Kreatinini ilikuwa juu kidogo ya kawaida na protini ilionekana kwenye mkojo. Daktari amesema nirudie kipimo baada ya wiki mbili bila diklofenaki, na ameisimamisha kwa muda dawa ya kupunguza maji. Karatasi niliiandika usiku uliotangulia, ikajaa pande zote mbili, nami nilipomkabidhi aliisoma yote. Kisha akauliza kwa nini sikuyasema tangu mwaka jana, na sikuwa na jibu. Katika sehemu kumi nilihisi sita. B12 imechukuliwa, majibu ni Ijumaa. Amenianzishia amitriptilini ya miligramu 10 baada ya kuniuliza kuhusu moyo, macho na mkojo, na dawa ya sukari ameiongeza kwa kiasi kidogo, akisema tutazame baada ya miezi mitatu.

Leo ni usiku wa tano. Nyayo bado zinawaka, lakini jana nililala saa sita badala ya saa tisa. Dakika kumi baada ya kula ninazimudu, na goti halijavimba tangu nianze kuzigawa. Nina swali moja kwa muuguzi: mjukuu wangu wa miaka minane ndiye anayenikagua nyayo jioni, na ananiambia kwamba chini ya kidole gumba cha kushoto ngozi ni ngumu na ya njano, kama sugu. Haiumi. Je, niisugue kwa jiwe nikiwa nyumbani, au niiache hadi kliniki?

Muuguzi mstaafu, kliniki ya kisukari

Usiisugue, usiikate kwa wembe, na usiipake dawa ya kuondoa sugu inayouzwa dukani, kwa sababu ina asidi inayochoma ngozi isiyohisi. Sugu mahali hapo inaonyesha kwamba uzito wako unaangukia sehemu moja, na chini yake panaweza kuwa na kidonda kinachojificha. Nenda nayo Ijumaa unapofuata majibu ya B12, uombe ikatwe na mtu mwenye ujuzi, kisha uwaonyeshe na viatu unavyovaa. Mjukuu wako umpe pongezi kwa niaba yangu. Mwambie akiona jekundu, jeusi au unyevu mahali hapo kabla ya Ijumaa, akwambie usiku huo huo.